Waliokesha Wakiitazama Nuru

Zama hizi, ambapo mitambo ya mawasiliano huyanena maradhi yake yenyewe, kwa kengele na kwa taa na kwa ujumbe umfikao fundi hata kitandani, ni wachache wakumbukao kwamba kazi ya kuitika wito wa chombo kilicho baidi ina nasaba yake, na kwamba masheikh wake wa awali walikaa gizani wakitazama doa la nuru.

Chombo chao alikibuni William Thomson mwaka 1858: kioo kidogo mno, chenye sumaku mgongoni, kilichoning'inizwa kwa uzi wa hariri ndani ya mzingo wa waya, na kutupa mwanga wa taa juu ya ubao wa vipimo. Umeme ulipopita, hata ukiwa dhaifu, kioo kiligeuka na doa likasogea. Mwaka 1865, meli ya Great Eastern ilipoanza kutandaza waya wa telegrafu kutoka kisiwa cha Valentia, Ayalandi, kuelekea Amerika, chombo hicho ndicho kilichokuwa mlinzi. Alfajiri ya tarehe 24 Julai, zikiwa zimetandazwa maili zipatazo 84, doa likatoka mahali pake. Meli ikasimamishwa, waya ukavutwa kutoka baharini kwa taabu kubwa, hata kikaonekana kipande cha chuma cha urefu wa inchi 2 kilichoupenya hadi ndani. Tarehe 2 Agosti waya wote ukakatika, ukazama kilindini zaidi ya maili 2.

Ama lililofuata huko Valentia, mimi naliona kuwa ndilo tukufu kuliko yote. Ncha ya pwani haikuachwa. Mwaka mzima, usiku na mchana, kwa zamu, palikuwa na mtu mbele ya ubao, akiulinda waya uliokatika, ambao upande wake wa pili hapakuwa na mtu wa kusema naye. Wala nuru haikutulia: mikondo ya umeme wa ardhi na dhoruba za sumaku ziliitikisa huku na huku, hata asiye mjuzi angedhani kila saa pana khabari. Ilimlazimu mlinzi aizoee mitikisiko hiyo yote, ili autambue ule mmoja usiofanana nayo. Na alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Septemba 1866, Great Eastern ilipokuwa imerejea na kuuopoa waya, doa likaanza kwenda kwa mpango, naye akajua papo hapo kwamba zile ni herufi.

Mwaka huohuo Willoughby Smith alikuwa amekwisha tengeneza njia ya kupima ambayo kwayo meli na pwani ziliweza kuuangalia waya pasipo kukoma, kwani hapo kabla vipimo vilipokezana, na kasoro iliweza kuzama kabla haijagunduliwa. Ni katika kutafuta vifaa vya upimaji huohuo ndipo, mwaka 1873, alipotangaza kwamba vipande vya seleniamu hupitisha umeme zaidi vinapoangaziwa. Na hapo ukapatikana msingi wa vihisi vya nuru.

Waya ulipofika Unguja mwaka 1879, ukiiunganisha na Aden kaskazini na Durban kusini, ilimu hii ilikuwa imekomaa. Karani alipoona kasoro, alipima ukinzani wa waya, akaugawa kwa ukinzani wa maili moja, akayakadiria masafa ya palipoharibika. Na leo, katika mikonga ya nuru iliyofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, fundi hutuma mwale wa nuru, akapima muda wa kurejea kwake, kisha meli ya matengenezo huelekezwa mahali pa kuutafuta mkonga.