Treni Kutoka Karatasi Moja: Historia ya Vyombo vya Usafiri katika Origami

Karatasi ya mraba ikikunjwa hutoa ncha kwa urahisi. Pembe zake nne hugeuka miguu, mabawa, shingo au mkia, na ndiyo sababu ndege na wanyama walitangulia kuitawala sanaa ya origami. Gari ni jambo jingine. Gari ni sanduku lenye paa na kuta, na chini yake yako magurudumu ya mviringo, umbo ambalo mikunjo iliyonyooka hailipati bila taabu. Wabunifu wa vyombo vya usafiri wamehangaika kwa miongo mingi kulipata sanduku hilo kutoka karatasi bapa, bila mkasi wala gundi.

Mashua ilitangulia kwa sababu haina shida hiyo: ni ncha mbili na tumbo lililo wazi. Japani ilikuwa na mashua zake za jadi, na Ulaya zake. Mwalimu Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliifanya kazi ya kukunja karatasi kuwa sehemu ya mafunzo, na mfumo wake ukafika Japani katika enzi ya Meiji. Hata hivyo, maumbo hayo yalirithiwa tu mkono kwa mkono. Hayakuwa na mbunifu anayejulikana kwa jina.

Hali hiyo ilibadilishwa na Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911 na kuacha kazi ya kiwandani ili aishi kwa kukunja karatasi. Kitabu chake cha mwaka 1954 kilitumia mistari ya vipande na mishale kuonyesha kila hatua. Mmarekani Samuel Randlett aliuendeleza mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo mbunifu wa Tokyo aliweza kueleweka London bila kutafsiriwa. Yoshizawa mwenyewe aliwapenda zaidi viumbe hai, lakini wabunifu wa vyombo vya usafiri wana deni kubwa kwake, kwani vitu vyao vina hatua nyingi kiasi kwamba visingeweza kufundishwa kwa mdomo.

Mapinduzi yenyewe yalikuja na treni. Katika miaka ya 1960, Emmanuel Mooser wa Uswisi alikunja karatasi moja ya mstatili ikawa kichwa cha treni na mabehewa yake, vyote vikiwa vimeungana. Siri yake ilikuwa kuigawa karatasi kwa mistari inayolingana, wima na mlalo, mpaka ikafanana na ukurasa wa daftari la hesabu. Mikunjo hufuata mistari hiyo, na mingine hukata viboksi kwa nyuzi 45. Karatasi ikikunjwa na kurudishwa juu yake yenyewe, sehemu moja hufupika na nyingine husimama ikawa ukuta; ukuta ukikutana na ukuta, sanduku limepatikana. Kwa njia hiyo mbunifu aliweza kuamua mahali pa kila behewa kabla hajaanza kukunja, badala ya kusubiri msingi wa jadi umletee umbo.

Mbinu hiyo ilisambaa upesi. Mwingereza Max Hulme aliitumia kukunja Rocket, injini ya mvuke ya Stephenson iliyoshinda mashindano ya Rainhill mwaka 1829. Patricia Crawford alikunja meli yenye milingoti na matanga yake yote. Neal Elias wa Marekani aliivusha hadi kwenye maumbo ya watu, na mwaka 1987 Robert Lang akakunja saa ya ukutani ya Kijerumani, yenye ndege wake na mapambo yake. Wako walionung'unika kwamba mstatili ni njia ya mkato na kwamba mraba pekee ndio halali. Hoja hiyo ina uzito mdogo: treni ni ndefu, na karatasi ndefu inaifaa.

Miaka ya 1990 ilileta hesabu. Lang, na Toshiyuki Meguro kule Japani, walionyesha kwamba kila ncha inahitaji eneo la duara kwenye karatasi, hivyo kupanga ncha ni kupanga miduara. Wadudu ndio waliofaidika kwanza, lakini elimu hiyo ilirudi baharini: mwaka 2006 Brian Chan alikunja mraba mmoja usiokatwa ukawa meli inayoshambuliwa na ngisi mkubwa. Masanduku ya meli na ncha za mikono ya ngisi zinaishi katika karatasi ileile.

Magazeti yalilishangilia sana gari la Lexus lililoonyeshwa Birmingham mwaka 2015 likiitwa la origami. Lilitengenezwa kwa takriban vipande 1,700 vya kadibodi vilivyokatwa na kugundishwa, na liliendeshwa kwa mota ya umeme. Ni kazi nzuri ya mikono, lakini haimo katika ukoo wa Mooser.

Anayestahili kutajwa katika ukoo huo ni Jason Ku, aliyekunja baiskeli kutoka mraba mmoja. Tatizo lake ni kinyume cha lile la treni. Baiskeli haina kuta, ina fremu nyembamba na uwazi mwingi, ilhali karatasi isiyokatwa haina tundu. Kila uwazi lazima upatikane kwa kuikusanya karatasi katika vijiti vyembamba, na unene wa tabaka zake ndio unaoamua vitakuwa vyembamba kiasi gani.