Mamlaka ya Askofu: Mabishano ya Kikuyu, 1913

Juni 1913 wamishenari wa Kianglikana, Kipresibiteri na Kimethodisti, pamoja na wengineo, walikutana Kikuyu kutafuta shirikisho. Mwishoni, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akamshtaki yeye na Willis wa Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Kwa Weston, mamlaka yalitoka kwa mitume kwa kuwekewa mikono na askofu; kwa Wapresibiteri, yalikaa katika Neno na baraza la wazee. Hivyo, kwa maoni yangu, 'padre' na 'mchungaji' si visawe. Jibu la Canterbury, 1915, halikumtia yeyote hatiani, wala halikukubali ibada ile iwe kielelezo.