Kutoka Rovu hadi Kivimbe: Historia ya Kusubiri kwa Uangalizi na Maana Yake kwa Matombo

Historia ya maradhi ya tezi ya thairoidi nchini Tanzania imeandikwa zaidi kama historia ya rovu, yaani uvimbe wa shingo uonekanao kwa macho na kupapaswa kwa vidole. Makala haya yanaifuata historia hiyo hadi kwenye kivimbe kidogo kisichobainika ila kwa ultrasaundi. Hoja kuu ni kwamba kukifuatilia kivimbe hicho bila kuharakia sindano ni huduma kamili, mradi mgonjwa aweze kurudi kupimwa. Matombo, iliyoko kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, inatumika kuipima hoja hiyo.

Katika nchi za milima, mvua huyaosha madini joto kutoka udongoni, na mazao yakayakosa. Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba takribani asilimia 25 ya Watanzania waliathirika kwa upungufu huo. Serikali ilianza kwa kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha miaka ya 1990 ikasimamia uongezaji wa madini hayo katika chumvi. Utafiti wa kitaifa wa 2004 ulikuta rovu kwa takribani asilimia 7 ya waliopimwa. Kipimo kikuu kilikuwa mkono. Katika madaraja matatu ya Shirika la Afya Duniani ya 1994, hata kivimbe kilichomo katika tezi isiyokua kilihesabiwa katika daraja la 1. Kivimbe kilihesabiwa ili kueleza hali ya jamii. Hakikuwekewa utaratibu wa kumfuatilia mwenye nacho.

Ultrasaundi ilibadili hali hiyo, kwani ilifichua vivimbe vingi kwa watu wasio na dalili. Nchini Korea Kusini, kiwango cha saratani ya thairoidi iliyogunduliwa mwaka 2011 kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993, ilhali vifo havikubadilika. Mwaka huohuo wa 1993, Akira Miyauchi wa Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, Japani, alipendekeza saratani ndogo zisizozidi sentimita 1 zifuatiliwe badala ya kupasuliwa mara moja. Katika wagonjwa 1,235 waliofuatiliwa humo, takribani asilimia 8 tu walikuwa na uvimbe uliokua kwa milimita 3 au zaidi katika miaka 10. Hao walikuwa wamekwisha kuchomwa sindano. Hatua iliyofuata ilikuja mwaka 2015, pale mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani ulipoelekeza kwamba kivimbe chini ya sentimita 1, hata kikitiliwa shaka, kifuatiliwe bila sindano iwapo hakuna dalili ya kuenea.

Utaratibu huo unadai mambo matatu: kipimo kinacholinganishika, kumbukumbu isiyopotea na marejeo ya mara kwa mara. Kwa mkazi wa Matombo, ambako Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1897, kurejea maana yake ni kushuka hadi Morogoro mjini kwa barabara ya Bigwa–Kisaki, na kuacha shamba wakati wa masika. Ni kweli kwamba sindano nayo ina safari zake, kwa kuwa majibu yake huhitaji mtaalamu wa kusoma chembe. Hata hivyo, safari za sindano zina mwisho. Za uangalizi hudumu miaka. Zikikatika, uangalizi hugeuka usahaulifu, na daftari litaendelea kuonyesha kwamba mgonjwa anafuatiliwa.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Walisema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Uangalizi haupingi methali yoyote kati ya hizo: huupima ufa kabla ya kuuziba. Tofauti yake na kampeni ya rovu iko katika mwelekeo wa safari. Chumvi ilipanda mlima hadi dukani bila kumtaka mtu asafiri, ilhali uangalizi humtaka mgonjwa ashuke kila mara. Kwa hiyo, pendekezo la kusubiri lililofaa Kobe litafaa Matombo pale tu kipimo nacho kitakapopanda mlima.