Jiwe Lina Pande Ngapi?

Mwaka 2016, Allen Nutman na wenzake walitangaza dalili za uhai kwenye miamba ya Isua, Greenland, yenye miaka bilioni 3.7. Nilipoona ile picha niliamini papo hapo. Vichuguu vya sentimita 1 hadi 4, kama vile wanavyojenga bakteria: wanatanda utando kwenye maji ya kina kifupi, mchanga unanata, wanapanda juu kufuata mwanga, tabaka juu ya tabaka kama chapati.

Halafu 2018, Abigail Allwood na wenzake wakalitazama jiwe lenyewe kwa upande. Kumbe vile vichuguu ni matuta marefu, mengine yameelekea juu, mengine chini. Na bakteria hawajengi kwenda chini, buda. Wakasema ni joto na mgandamizo vilivyokunja mwamba. Kina Nutman wakakataa, na ubishi haujaisha.

Usidhani Allwood ni mpinzani tu. Mwaka 2006 ndiye aliyetetea uhai kwenye miamba ya Strelley Pool, Australia, yenye miaka bilioni 3.4.

Mimi niliamini kwa picha moja. Siku hizi, nikiambiwa “historia ndiyo hii,” nauliza kwanza: ubavuni ikoje?