Jina la Mama Kwenye Daftari la Kahawa

Kwa muda mrefu mwanamke wa Rwanda alipalilia, akachuma na kumenya kahawa ambayo kwenye daftari la mnunuzi ilikuwa ya mumewe. Watu wanapoeleza jinsi hali hiyo ilivyobadilika, huzungumzia semina na miradi. Mimi ninaposoma historia ya nchi yangu naona jambo jingine, tena si jepesi kulisema: mjane alitambuliwa kuwa mkulima kabla ya mke.

Kahawa ilifika kwetu wakati wa utawala wa Wajerumani, ikapandwa na wamisionari huko Mibirizi, kusini magharibi. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakawalazimisha wananchi kuipanda. Kodi ilidaiwa kwa mwanamume, kwa hiyo mibuni nayo ikahesabiwa kuwa yake. Shule zikafuata njia hiyo hiyo. Groupe Scolaire ya Astrida, mji ulioitwa Butare baadaye, ilianzishwa mwaka 1929 na kuwafundisha wavulana kuwa wasaidizi wa utabibu, wa mifugo na wa kilimo. Wanawake walipokumbukwa, walikumbukwa kwa mambo ya nyumbani. Huko Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, walifundishwa kushona, kupika na usafi katika vituo vilivyoitwa foyers sociaux. Aliyeshika jembe kila siku hakufundishwa kilimo, na aliyefundishwa kilimo hakulishika sana. (Darasani kwetu, tulipofika kwenye neno "bwana shamba", mmoja wetu aliuliza kama mwanamke naye huitwa hivyo. Mwalimu akatupa "bibi shamba", na darasa zima likacheka. Sijui tulicheka nini.)

Mila ya ardhi ilikazia fundo hilo. Kijana wa kiume alipooa alipewa na baba yake kipande cha ardhi kiitwacho umunani. Binti aliolewa na kwenda kulima umunani wa mwenzake. Uhuru wa 1962 haukugusa jambo hilo, na hata sheria ya familia ya mwaka 1988 ilimtaja mume kuwa mkuu wa nyumba.

Kisha ukaja mwaka 1994. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, karibu theluthi moja ya kaya za Rwanda zilibaki zikiongozwa na wanawake. Wengi walikuwa na mibuni mizee shambani, na mwanamume wa kwenda kuuza hayupo. Lakini kwa mila shamba la marehemu lilikuwa la ukoo wake, na shemeji angeweza kuja kulidai. Mama aliyelima mahali kwa miaka 20 hakuwa na la kumwonyesha. Ndiyo maana sheria ya Novemba 1999 ilikuwa na uzito mkubwa: binti akapata haki sawa na kaka yake katika urithi wa wazazi, na mke wa ndoa ya serikali akalindwa katika mali ya nyumba.

Mwaka huo huo, katika milima ya Maraba karibu na Butare, wakulima wapatao 220 waliunda chama walichokiita Abahuzamugambi, yaani watu wenye lengo moja. Miongoni mwao walikuwamo wajane wengi. Kwa msaada wa mradi wa PEARL, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda pamoja na vyuo vya Marekani, walipata kituo cha kuosha kahawa mwaka 2001, na mwaka 2003 kahawa yao ilikuwa ikiuzwa Uingereza.

Kituo hicho kilibadilisha mahali pa kazi, na nadhani hapo ndipo penye siri. Zamani mama aliponda matunda kwa jiwe nyumbani, akayaosha na kuyaanika uani, halafu baba akapeleka gunia kavu kwa mchuuzi na kurudi na pesa, kama zilirudi. Bibi yangu husema alijua bei ya kahawa kwa kuangalia babu amerudi nyumbani saa ngapi. Kituo kinataka matunda mekundu siku ile ile yalipochumwa. Aliyechuma anayafikisha mwenyewe, anaona mzani, anapewa risiti. Na ile kazi ya uani ambayo haikuwa na mshahara, ya kuchambua kahawa inapokauka, ikawa kibarua cha kulipwa. Ni kweli kwamba kibarua hicho ni cha msimu na malipo yake ni madogo. Hata hivyo, wako waliopanda hatua: wanawake walijifunza kuonja kahawa na kuipima ladha, kazi ya kitaalamu ambayo mama zao hawakujua kwamba ipo.

Juu kabisa mabadiliko yalionekana haraka. Agnes Kalibata, aliyekulia ukimbizini Uganda, akasoma Makerere na kupata udaktari wa elimu ya wadudu huko Massachusetts, alikuwa Waziri wa Kilimo kuanzia 2008 hadi 2014. Aliyemfuata ni Gerardine Mukeshimana, mtaalamu wa uzalishaji wa mbegu za maharage, ambaye alikaa hadi 2023. Nawaheshimu sana, lakini safari zao zilipita maktaba na maabara za ng'ambo, na mama wa Maraba hana njia hiyo. Yeye anahitaji ngazi za katikati: msimamizi wa kituo, mhasibu wa ushirika, bibi shamba wa kata.

Na huyu mke ambaye mumewe yu hai? Kwake mlango ulifunguka baadaye. Kuanzia mwaka 2009 serikali iliandikisha viwanja zaidi ya milioni 10, na mke na mume waliooana kisheria wakaandikwa wote wawili kwenye hati. Kwenye ushirika, hata hivyo, uanachama mara nyingi una jina moja kwa kila nyumba. Hati iliyoko kabatini inasema shamba ni la wawili, risiti ya mzani inasema kahawa ni ya mmoja, na pesa hufuata risiti.