Telefone ya zamani inapokataa cheti

BUTEMBO – Alhamisi tarehe 30 Septemba 2021, saa kumi na dakika moja za mchana kwa saa za hapa, cheti kimoja cha intaneti kilichotolewa mwaka 2000 kilifika mwisho wake. Kiliitwa DST Root CA X3, mali ya kampuni ya Marekani IdenTrust. Wakaaji wengi hawakukijua, ingawa telefone zao zilikuwa zikikitegemea.

Kila telefone, na kila mashine ambayo mafundi wanapimia Wi-Fi, inabeba ndani yake orodha ya wadhamini inaowaamini. Ukurasa ukifunguliwa, unaonyesha cheti chake. Mdhamini wa cheti hicho asipokuwemo katika orodha, mashine inakataa, na kioo kinaandika kwamba ukurasa si salama. Hapo mtu analaumu mtandao, au aliyemuuzia mega.

Shirika la Let's Encrypt, linalogawa vyeti bure tangu 2015, lilikuwa limeegemea cheti hicho cha zamani. Cheti chake lenyewe, ISRG Root X1, hakijulikani na Android zilizo chini ya 7.1.1, ambazo mwisho wa 2020 zilikuwa karibu theluthi moja ya Android zote duniani. IdenTrust ikakubali kukidhamini kwa miaka mitatu zaidi, kwa sababu Android haiangalii tarehe ya mwisho ya mdhamini mkuu. Telefone zikaokoka. Lakini mashine zenye programu ya OpenSSL 1.0.2 huangalia tarehe hiyo, kwa hiyo zikaumia kwa ujanja uleule: kipimo cha fundi kingeweza kuonyesha mawimbi mazuri, kisha jaribio la kufungua ukurasa likashindwa.

Nyongeza hiyo ilikwisha Septemba 2024. Mwisho wa Juni mwaka huohuo Kanyabayonga ilikuwa imeangukia mikononi mwa M23, na familia zikakimbilia Lubero na Butembo. Kwa aliyekimbia na Android 6 mfukoni, kurasa nyingi za habari zilifungwa. Redio ya FM ndani ya telefone hiyohiyo haiombi cheti.

Kabla ya kulipa fundi, tazama tarehe. Telefone iliyokaa muda bila umeme inaweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na hapo hata cheti kizima kinakataliwa. Tarehe ikiwa sawa, jaribu Firefox, ambayo inabeba orodha yake yenyewe. Lakini onyo likitokea kwenye ukurasa unaoomba namba ya siri ya pesa, usibonyeze "endelea".