Mpachiko, si Mabadiliko

Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku vyakula vya GMO Novemba 2012, likaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na wapinzani wakakimbilia mahakamani. Muda wote huo tumelishwa fungu lile lile la maneno: "mazao yaliyobadilishwa vinasaba". Wanahabari wamelimeza, kamati zimelibariki. Mimi limenikwama kooni.

Nasaba tumelipata kwa Waarabu, na pwani lina uzito wake: ni ukoo, ni silsila, ndilo linaloulizwa kabla posa haijapokelewa. Aliyelivika kiambishi tukapata kinasaba na vinasaba alifanya kazi safi, namvulia kofia. Kosa limo katika kitenzi. Nasaba hubadilika kila ndoa inapofungwa! Mahindi chotara H611, yaliyotolewa Kitale mwaka 1964, yalipatikana kwa kuozesha mahindi ya Kitale na ya Ecuador. Nayo basi yamebadilishwa vinasaba? Kwa fungu hilo, ndiyo. Lakini wanamazingira wanaoipinga GMO hawana kesi na H611. Wanachokataa ni jeni ya bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, kutiwa ndani ya pamba au mahindi, kisha mbegu hiyo kumilikiwa kwa hataza. Istilahi isiyotenganisha mambo hayo mawili inawanyima hata lugha ya kugombana vizuri.

Ndiyo maana nilipendekeza mpachiko. Kupachika ni kukitia kitu mahali ambapo hakikuota. Mpini hupachikwa kwenye jembe, mtu hupachikwa jina, bao hupachikwa wavuni. Kamati fulani ililikataa kwa hoja kwamba mimba nayo hupachikwa, hivyo ni neno la vijiweni. Wajumbe wake, nadhani, walizaliwa maktabani.

Wanaopendelea "uhandisi jeni" wametaja kazi, hawakutaja zao. Hakuna aendaye sokoni kununua kilo mbili za uhandisi. Mwuzaji wa mbegu husema "yaliyoboreshwa", mpinzani wake "yaliyochezewa". Wote wawili wameshahukumu kabla ya kueleza. Mpachiko hausifu wala hautukani, na pengine ndilo kosa lake machoni pa pande zote mbili.

Mwerevu mmoja aliniuliza, kwa tabasamu ambalo sikulipenda, kuhusu uhariri wa jeni, ambao huweza kukata bila kuingiza chochote kutoka nje. Huo una jina lake tayari, uhariri, wala sijauomba uhamie kwangu.

Matumizi hayana maneno mengi: mbegu za mpachiko, pamba ya mpachiko. Na kwa kuwa Kenya ina kanuni za lebo tangu 2012, pakiti ya unga iandikwe "una mahindi ya mpachiko", mama anayesonga ugali aamue mwenyewe.